Nywele Zilizopukutika

Tafakari ya juma
Masomo: Hesabu 6:1–21, Waamuzi 16:13–22, Luka 12:6–7



Jumamosi iliyopita nilikaa saluni ya akina mama saa tano mfululizo. Wanaonijua watacheka, maana kichwani kwangu kinyozi alishakosa kazi zamani. Nilikwenda kwa ajili ya binti yangu kitinda mimba. Amemaliza kidato cha sita, hatimaye nywele zimekuwa zake, na kitu cha kwanza alichotaka ni dredi. Mama yake alisema hana neno, ila akaniangalia mimi: “Mpeleke mwenyewe, Baba. Wazee wa kanisa wakikuuliza usije ukasema hukushirikishwa.”

Nikabeba daftari la mahubiri, nikaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango. Nilidhani nitaandika. Sikuandika hata mstari wa mahubiri. Nilichokisikia pale ndicho ninachowaletea juma hili, lakini kwanza sharti niseme kwa nini kilinichoma.

Miaka kumi na minne iliyopita nilikuwa natumikia usharika mmoja chini ya Mlima Meru. Kijana aliyekuwa akipiga gitaa la besi kwenye kwaya ya vijana alikuja mazoezini na dredi changa, nyembamba na fupi kama pilipili kichaa. Baraza la wazee likakaa, mwenyekiti nikiwa mimi. Mmoja alisema ni uhuni. Mwingine akasema huko mwisho wake ni bangi. Wa tatu akauliza wageni wakija watatuonaje. Hakuna hata mmoja aliyesema, “Tumwite tumsikie.” Tulimwita kumpa uamuzi tu: achague nywele au kwaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachomoa waya wa gitaa, akaukunja vizuri kama alivyofundishwa, akaliegemeza gitaa ukutani. “Asante, Baba Mchungaji,” akasema, akatoka. Kwaya ile iliimba bila besi miezi minane, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimeilinda nyumba ya Bwana.

Sasa turudi saluni.

Msusi alikuwa dada wa makamo, mikono myepesi, maneno machache. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, kisha akanisahau kabisa akawa na kichwa kilichokuwa mbele yake. Binti yangu alidhani dredi ni dredi. Kumbe milango ya kuingilia ni mingi.

Mwenye nywele fupi, za urefu wa kidole gumba hivi, husokotwa kwa kitana. Msusi hushika kishungi kidogo, hukizungusha kwenye meno ya kitana kuanzia karibu na ngozi hadi nchani, nacho hutoka kimejiviringa kama springi ya kalamu. Mwenye ndefu kidogo husokotwa vishungi viwili vinavyopishana kama kamba ya katani. Msokoto huo haufumuki upesi ukioshwa, ila alama zake huonekana miezi mingi kabla ya kufutika. Asiye na subira, au mwenye nywele laini zisizoshikana, hufanyiwa kwa sindano ya kroshia. Sindano ile yenye ndoano huingizwa na kutolewa haraka haraka, ikivuta nywele za nje kuzipeleka ndani, mpaka kishungi kinakazana siku hiyo hiyo. Mtu anaingia asubuhi na nywele za kawaida, jioni anatoka na dredi utakazodhani ni za miaka miwili. “Ila mkono ukiwa mzito,” dada alisema, “sindano inakata nywele kwa ndani. Hutajua mpaka siku dredi italegea katikati.” Halafu wapo wasiokwenda kwa msusi yeyote. Wanaacha kuchana, wanaosha, wanazitenganisha kwa vidole zisije zikashikana zote zikawa mkeka, na nywele zinajichagulia ndugu zenyewe.

Binti yangu alichagua vishungi viwili. Dada akagawa kichwa kwa ncha ya kitana, viboksi vidogo vilivyopishana kama fundi mwashi anavyopanga matofali, ili mistari ya ngozi isionekane dredi zikilala.

Lakini kabla ya kusokota alikuwa ameziosha nywele na kuzichana taratibu, kutoka nchani kwenda mizizini. Kitana kilitoka na fundo la nywele kubwa kama ndimu. Hilo si ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Unywele uliomaliza muda wake huachia ngozi, na mwingine huanza kuota mahali pake. Dada alilichomoa lile fundo, akamwonyesha binti yangu kabla ya kulitupa.

“Liangalie vizuri. Kuanzia leo hutaliona tena.”

“Kwani nywele zangu hazitapukutika?”

“Zitapukutika vilevile, ila hazina pa kuangukia. Zitabaki humo humo ndani, zijizungushe kwa wenzake. Hizo zilizopukutika ndizo zinazoishika dredi. Anayechana kila siku hawezi kupata dredi, hata umpake dawa gani.”

Hapo ndipo nilipofunga daftari.

Wapendwa, nitarudi kwenye maneno ya dada huyo. Kwanza tufungue Maandiko, maana sisi tuliomtoa kijana kwenye kwaya tulimtoa tukiwa na Biblia mkononi.

Katika Hesabu sura ya 6, Mungu anampa Musa utaratibu wa mnadhiri, mwanamume au mwanamke anayejitenga kwa ajili ya Bwana. Mambo ni matatu: asiguse divai wala chochote cha mzabibu, asikaribie maiti, na wembe usipite kichwani mwake siku zote za nadhiri. Siku zikitimia ananyoa mlangoni pa hema ya kukutania, na nywele zile zinawekwa kwenye moto ulio chini ya sadaka ya amani. Tafakari hilo. Nywele zilikuwa kalenda ya nadhiri. Aliyekutana na mnadhiri njiani alijua kwa kumtazama tu kwamba huyu ana neno na Mungu wake, na kwamba si la jana.

Samsoni alikuwa mmoja wao tangu tumboni mwa mama yake. Biblia yetu ya Kiswahili inaziita nywele zake vishungu, na imevihesabu: saba. Delila alipombana mara ya tatu, Samsoni alimwambia avifume vishungu vile pamoja na mtande wa nguo, naye akavifuma mwenzake akiwa usingizini. Haikusaidia kitu. Aliponyolewa kweli kweli nguvu zikamtoka, lakini msomaji makini ataona sababu inayotajwa pale: Bwana alikuwa amemwacha. Nguvu hazikuwa kwenye nywele. Nywele zilikuwa ishara ya agano, na agano ndilo lililovunjwa. Kisha unakuja mstari wa 22, mfupi, ambao tunaupita mbio tukikimbilia nguzo za hekalu la Dagoni: yule aliyenyolewa, akiwa kipofu anasaga gerezani, nywele zake zikaanza kuota tena. Mungu hakusubiri Samsoni atoke gerezani ndipo aanze kumrudishia.

Najua kuna anayefungua 1 Wakorintho 11:14, pale Paulo anaposema ni aibu mwanamume kuwa na nywele ndefu. Neno lipo, silifichi. Lakini aliyeliandika ndiye ambaye katika Matendo 18:18, kama wengi wanavyousoma mstari huo, alinyoa kichwa chake Kenkrea kwa sababu alikuwa na nadhiri. Kenkrea ilikuwa bandari ya Korintho hiyo hiyo. Huwezi kunyoa ulichokuwa hujakifuga. Paulo alikuwa anawafundisha Wakorintho adabu ya ibada katika mji wao, na mwili wake mwenyewe uliwahi kubeba nadhiri ya kale ya Israeli.

Wala sisemi dredi ni utakatifu. Absalomu alikuwa na nywele za kutajwa Israeli yote. Akizikata mwisho wa mwaka zilipimwa uzito wa shekeli mia mbili. Nywele hizo hazikumzuia kumwasi baba yake, na siku ya vita kichwa chake kilinaswa kwenye mwaloni. Nywele ndefu zinaweza kubeba nadhiri, zinaweza kubeba majivuno, na zinaweza kuwa nywele tu. Kujua ni ipi kati ya hizo, sharti umuulize mwenyewe. Sisi hatukuuliza.

Tena tulikuwa na usahaulifu wa ajabu. Wazee wawili wa baraza lile walikuwa na babu waliopita umorani, wakifuga nywele ndefu zilizosokotwa vishungi vyembamba na kupakwa mafuta na udongo mwekundu. Hadi leo kwa Wamaasai, katika eunoto, sherehe ya kuhitimu umorani, mama mzazi ndiye humnyoa morani kwa mkono wake, na mashujaa hao hulia machozi. Wazee wetu walijua hayo tangu utoto, lakini yalipokuja kanisani na gitaa hawakuyatambua.

Ng’ambo ya mpaka, Kenya, wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau waliingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya miaka ya 1950, na nywele zao zikajifunga zenyewe bila kitana. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildi masho, alitoka msituni uhuru ulipopatikana mwaka 1963, lakini nywele zile hakuzikata. Zilikaa kichwani mwake takribani miaka sabini. Zilikatwa Aprili 2022, na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya, ndiye aliyeshika mkasi. Septemba mwaka uliofuata bibi huyo akafariki dunia. Nani angethubutu kumpa chaguo, nywele au kwaya?

Ndugu zetu Warastafari nao, wa imani iliyoanza Jamaika miaka ya 1930, husoma sura ile ile ya 6 ya Hesabu. Hatukubaliani nao juu ya uungu wa mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, na tuliseme hilo bila kupepesa macho. Lakini hatuwezi kusema hawakusoma. Mwaka 2019 mwanafunzi wa kike wa familia ya Kirastafari alirudishwa nyumbani na shule yake jijini Nairobi kwa sababu ya dredi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba zile nywele ni sehemu ya imani yake na kwamba arudi darasani. Inauma kidogo, wapendwa, jaji akifanya kazi ya kusikiliza ambayo ilipaswa kuwa ya mchungaji.

Sasa nirudi saluni, maana masaa yalikuwa yanakwenda. Dada aliposokota kishungi cha mwisho, alianza kutoa maagizo. Nilifungua daftari tena nikayaandika, na nimeyasoma kila siku juma hili kana kwamba ni waraka wa mtume.

“Uoshe,” alisema. Watu wengi hudhani dredi haziguswi na maji. Uongo huo ndio uliozipa jina baya. Zinaoshwa kila baada ya juma moja au mawili kwa shampuu isiyoacha mabaki, povu linapelekwa kwenye ngozi ya kichwa, kisha zinakamuliwa kama mtu anavyokamua shuka. Halafu zikauke kabisa. Anayelala na dredi mbichi kila mara anakaribisha ukungu ndani, na harufu yake haiondoki kwa manukato.

“Usipake nta.” Nta ya nyuki na mafuta mazito ya mgando hufanya dredi changa zing’ae na zionekane zimeshika siku hiyo hiyo. Lakini nta haitoki kwa maji. Inavuta vumbi, inavuta nyuzi za blanketi na sweta, na baada ya mwaka ukiikata dredi unakuta katikati kuna uchafu wa kijivu. Tone la mafuta ya nazi kwenye ngozi, au utomvu wa mshubiri wakati wa kusokota, vinatosha. Hapo nilifikiri juu ya waongofu wapya tunaowavisha suti na kuwafundisha kusema “Bwana asifiwe” kwa sauti ya wakongwe, juma la pili tu baada ya kuokoka. Wanang’aa. Ndani hatujui kuna nini, na hatujawapa muda wa kujua wenyewe.

“Mizizi irudiwe, lakini usizidishe.” Unywele huota sentimita moja na kidogo kwa mwezi, na kila kinachoota ni kipya, hakijawahi kusokotwa. Dredi ya miaka kumi ina mzizi wa jana. Kwa hiyo kila baada ya majuma manne hadi sita hivi mwenye dredi hurudi kwa msusi. Wengine husokotewa mizizi kwa vidole, wengine hupitishiwa ncha ya dredi ndani ya mzizi kwa sindano, zamu kutoka juu, zamu kutoka pembeni, ili pasibaki tundu. Anayerudia kila juma kwa hofu ya kuonekana ovyo anaupunguza mzizi mpaka dredi inaning’inia kwa uzi. Na anayebana sana hulipia kwenye paji la uso. Nywele za pembeni hurudi nyuma, na ngozi ikivutwa miaka mingi hufika mahali haioti tena hata uiache.

Wazazi, na sisi wenye kola, hapo tusimame kidogo. Tumezoea kulia kwamba vijana wanakatika kwa sababu hawakushikwa. Wapo waliokatika kwa sababu walibanwa mno. Ngozi ilivutwa mpaka ikachoka kuotesha.

“Na usiogope vurugu.” Dredi hupita ujana kama mtu. Miezi ya mwanzo ni laini na hufumuka. Kisha zinavimba, na ukizibinya unahisi kitu kama punje ndani, ndipo zinapoanza kushikana. Baada ya hapo kila moja inaangalia upande wake, nyingine inasimama, nyingine inafupika badala ya kurefuka, na mwenyewe anatamani kunyoa. Hapo ndipo wengi huziacha. Kwa nywele zetu za kipilipili, huenda miezi sita, huenda mwaka na nusu, ndipo zitulie na kuning’inia kwa uzito wao. Hakuna mafuta ya kuuharakisha muda huo.

Sasa lile neno la kwanza, la nywele zilizopukutika.

Katika makanisa yetu tuna neno zuri: kurudi kundini. Aliyeanguka na kutengwa husimama mbele ya usharika, hukiri, huombewa, hurudishwa. Ni utaratibu mzuri nami nimeuongoza mara nyingi. Lakini tukubali kwamba kwa muda mrefu tumekuwa hodari zaidi wa kitana kuliko wa utaratibu huo. Binti anapata mimba, tunapitisha kitana. Mwanakwaya analewa kwenye harusi, kitana. Ndoa ya mzee inavunjika, kitana. Kijana anakuja na dredi, ambaye hata hakuanguka, kitana. Kila Jumapili usharika wetu umechanika vizuri, umenyooka, unapendeza kwa wageni. Na kwenye ndoo kuna fundo kubwa kama ndimu.

Bwana wetu alisema katika Luka 12 kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa zote. Zamani nilifikiri zinazohesabiwa ni zile zilizosimama kichwani. Lakini anayehesabu ndiye anayejua idadi imepungua, na fundisho lile linaanza na shomoro watano wa bei ya kutupa, ambao hakuna hata mmoja aliyesahauliwa mbele za Mungu.

Uimara wa dredi hautoki kwenye nywele ambazo hazijawahi kuachia ngozi. Unatoka kwa zile zilizoachia zikakuta wenzake wamezizunguka. Mlevi aliyepona ndiye anayejua saa ngapi ya usiku mlevi mwingine anahitaji kupigiwa simu. Mama aliyezalia nyumbani akalia peke yake ndiye atakayemketisha binti mwenye hofu bila kumuuliza maswali. Petro alimkana Bwana mara tatu kabla ya jogoo kuwika, na kwa Petro huyo huyo kondoo wakakabidhiwa. Kama angechanwa usiku ule akatupwa, sijui siku ya Pentekoste nani angesimama.

Tulitoka saluni saa kumi na moja jioni. Binti yangu alikuwa na kitambaa cha satini ndani ya mkoba, cha kufunga kichwa usiku ili mto wa pamba usizichubue. Jumapili aliimba sauti ya pili ibada ya kwanza. Mzee mmoja alinifuata baada ya ibada, akakohoa, akaanza, “Baba Mchungaji, kuhusu binti…” Nikamwambia, “Yuko pale nje chini ya mwembe, Mzee. Muulize mwenyewe.” Akaenda. Walizungumza muda mrefu, na nilimwona akigusa kishungi kimoja kwa kidole, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

Jumatatu niliipata namba ya yule mpiga besi kwa shangazi yake. Nilipiga. Hakupokea. Nilimwandikia ujumbe nikimwomba msamaha kwa jina langu, si kwa jina la baraza, maana mwenyekiti nilikuwa mimi. Hajajibu, na hana deni la kunijibu. Jumatatu ijayo nitapiga tena.

Nawe msomaji wangu, yupo mtu ambaye usharika wako, au ukoo wako, au wewe mwenyewe ulimpitishia kitana. Jina lake limekujia wakati unasoma. Kabla ya Jumapili ijayo mtafute. Usimpelekee masharti, wala usianze na nywele zake. Mwambie tu kwamba nafasi yake bado ipo, kisha unyamaze umsikilize.